Alichosema Baba Wadini

Kanada,
Jumapili mchana.

Kwako Dada Nyambura,

Pokea salamu zangu popote barua hii itakapokukuta, iwe ni jikoni pale Salgaa ukiwapakulia madereva wa malori githeri, au nyumbani umeinua miguu. Goti lako linaendeleaje? Na ile presha, unakunywa dawa kila asubuhi ama bado unangoja mpaka kichwa kiume ndipo ukumbuke? Nakuuliza kwa karatasi kwa sababu simu zangu huzishiki, na sikulaumu. Ningekuwa wewe, labda nami nisingezishika.

Mimi niko. Mwili hauna shida. Nakula, nalala, naenda kazini, narudi. Theluji imeanza kuyeyuka na kando ya barabara kumejaa matope meusi. Watu wa huku wanafurahi, wanasema msimu umegeuka. Mimi naona tu kwamba sihitaji tena kuvaa glavu.

Barua hii nimempa Njeri, yule mwenzangu wa kanisani ambaye kwao ni Njoro. Anakuja kumwona mama yake na nimemwomba akukabidhi mkononi, wewe mwenyewe, si mtu mwingine. Ningeweza kukuandikia kwa simu, lakini maneno ya simu katika familia yetu hayakai kwa mtu mmoja. Asubuhi ninakuambia wewe, mchana Kariuki anajua, jioni Mwangi ananipigia kuuliza nilimaanisha nini. Haya ninayotaka kusema ni yako.

Mara ya mwisho kuonana ilikuwa siku ya mazishi ya Baba. Uliinua simu juu ili nione jeneza likishuka. Upepo wa Longonot ulikuwa unavuma mpaka sikusikia pasta alichoomba. Halafu ukaigeuza simu, ukanitazama, ukaniuliza, "Wambui, hata hulii?" Sikuwa na jibu, ukakata. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta jibu, na nimeona kwamba siwezi kulitoa bila kukueleza yote jinsi yalivyokuwa upande wangu. Kuna mambo unayoyajua vizuri kuniliko. Utanivumilia nikiyapitia tena.

Nianze na siku uliponipigia kuniambia Baba ametuacha. Kwenu ilikuwa jioni, kwangu asubuhi, na nilikuwa nimeshika mlango wa darasa. Nilisema, "Sawa." Nakumbuka vizuri kwa sababu hata mimi nilijishangaa. Nikaingia, nikafundisha somo lote, nikajibu maswali, nikafuta ubao. Mwanafunzi mmoja aliniambia leo somo limeeleweka. Nikamshukuru. Nilipofika ofisini nilikaa nikangoja huzuni ije, vile mtu hungoja chafya. Haikuja. Nikasahihisha mitihani.

Siku chache baadaye akapiga Kariuki. Unajua kaka yetu, hapigi simu bure.

"Prof, uko?" akasema. "Sisi huku tumekwama. Mzee yuko mochari na hatujui tunampeleka wapi."

Akanieleza kwamba wewe umesema Baba alikuambia wadini, pale hospitalini, siku ile ya mwisho, kwamba azikwe Olenguruone kando ya Mama. Yeye Kariuki akasema Baba alikuwa amemwambia miaka yote kwamba atalala Longonot, penye nyumba yake. Ndugu yetu Mwangi yuko upande wako. Jamaa wameshafika, kanisa linauliza, na watu wameanza kuongea vibaya.

Nilimwelewa Kariuki, Dada. Najua wewe ulimwona kama mtu anayegombania kaburi. Lakini aliniambia kitu ambacho labda hakukuambia wewe. Alisema, "Wambui, mimi ndiye nilipakia Baba kwa lori siku ile tulitoka Olenguruone. Aliketi juu ya magodoro akiangalia nyuma, na hakuongea mpaka tukafika Longonot. Nikimrudisha kule halafu mambo yaharibike tena, nitaenda kuona kaburi lake na njia gani?" Mimi wakati ule wa fujo za uchaguzi, mlipofukuzwa Olenguruone, nilikuwa tayari huku, nasoma. Niliyaona hayo yote kwa televisheni, pamoja na watu waliokuwa wakiniuliza kama Nakuru ni nchi.

Na wewe pia nilikuelewa. Mama yuko Olenguruone peke yake. Mwangi amerudi, analima viazi vyake pale karibu na kaburi, na Mzee Koech wa upande wa pili wa ua ndiye aliyelipalilia kaburi hilo miaka yote ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kukanyaga kule. Kwa nini Baba asirudi kwa mke wake?

Kisha Kariuki akasema kuna rekodi. Wewe ulikuwa umeanza kumrekodi Baba kwa simu ili anisalimie mimi, halafu mtandao ukakataa kutuma, halafu kila kitu kikatokea. "Nyambura anasema maneno yako hapo ndani," akasema. "Lakini tumesikiza wote, ni kelele tupu. Sasa wewe si ndio daktari wa sauti? Toa hiyo kelele, utuambie mzee alisema nini. Ile kitu utasema, hiyo ndiyo tutafanya. Tumekubaliana."

Daktari wa sauti. Unakumbuka ni Baba aliyenipa jina hilo. Nilipomwambia nimepata shahada ya udaktari aliuliza kama sasa natibu watu koo. Nikamweleza kwamba ni uhandisi wa umeme, kwamba sauti ikiingia kwa simu inageuka kuwa umeme, na kazi yangu ni kuuchambua ule umeme ili nitenganishe sauti ya mtu na makelele mengine. Akafikiri, akasema, "Kama pale stesheni." Ndiyo, Baba, kama pale stesheni. Enzi zake za kazi ya reli alikuwa akipigiwa simu kutoka Naivasha na waya unakwaruza kama mahindi yakikaangwa, na yeye anaziba sikio lingine kwa kiganja na kurudia kila neno kwa sauti kubwa ili wa upande ule athibitishe. Nilikuwa nikimtazama nikiwa nimemletea chakula. Watu wa huku wakiniuliza kwa nini nilichagua fani hii huwa nawaambia habari za hesabu na mwalimu wangu wa fizikia pale Nakuru. Ni kweli pia. Lakini kabla ya yote kulikuwa na ile simu.

Basi ukanitumia rekodi. Hukuandika chochote chini yake.

Nataka uelewe nilichofanya, kwa hiyo nitakueleza kazi yenyewe kwa ufupi. Zamani sisi tulikuwa tunapunguza kelele tu. Unaijua sauti ya feni ilivyo, unaiondoa, kinachobaki ni kidogo na kimechakaa lakini ni cha mtu mwenyewe. Njia niliyoibuni mimi na wanafunzi wangu, ile iliyonipa uprofesa kamili, ni tofauti. Kompyuta inafundishwa kwa kusikiliza watu wengi sana wakizungumza, mpaka inajua binadamu husema vipi. Ukiipa sauti iliyofunikwa, inajaza pale palipofunikwa. Inatoka safi kabisa, kama mtu ameketi mbele yako. Kuna wazee huku waliovaa vifaa vya masikio vyenye njia hiyo ndani yake, na wameniandikia kunishukuru kwamba wamesikia tena wajukuu wao. Nilikuwa najivunia. Na kuna kampuni moja ilikuwa inataka kuinunua kwa kazi nyingine: rekodi za polisi, simu zinazopelekwa mahakamani. Chuo kilikuwa kimeshawaalika, na sote tulikuwa tunangoja siku hiyo.

Nilikaa maabarani nikamweka Baba ndani ya kompyuta.

Mwanzo wake ni wazi hata bila mashine. Anasema, "Wambui, mtoto wangu, umekula?" Halafu anakohoa. Halafu mgonjwa wa kitanda cha pili anaanza kukohoa pia, mvua inaipiga mabati ya wadi, kitoroli cha chakula kinapita na televisheni inahubiri. Na katikati ya hayo yote Baba anaongea maneno mengine, polepole, kwa ile sauti aliyobaki nayo.

Niliiendesha mara ya kwanza. Ikatoka safi. Baba akasema kwa sauti yake kabisa, na ile pumzi yake ya puani, "Mnipeleke Longonot."

Nikakaa. Kisha nikafanya kile ambacho ningemfundisha mwanafunzi yeyote afanye: nikabadilisha kitu kidogo tu, ambacho hakipaswi kubadilisha jibu, nikaiendesha tena. Baba akasema, "Mnipeleke Olenguruone." Sauti ileile, pumzi ileile. Nikabadilisha tena, akasema anataka kulala. Nikaendelea siku nzima. Alisema mambo ambayo Baba hajawahi kusema maishani, na yote aliyasema kama Baba.

Ukiyatamka yale majina mawili polepole utaelewa. Longonot. Olenguruone. Yaweke mdomoni mwa mzee aliyechoka, ufunike mwanzo na ufunike mwisho. Kinachobaki ni ulimi ukigusa juu, kisha sauti ya puani. Hicho kipande ndicho kilichookoka kwenye rekodi. Mengine yote mashine ilikuwa inajaza, kwa sababu mimi niliifundisha kujaza.

Nilimsikia Baba akisema maneno yasiyokuwa yake mpaka sauti yake ikawa kitu kama mlio wa friji. Nilikuwa naitazama ikipita kwenye kioo cha kompyuta, mistari ya kijani, na ninaandika kando kama ninavyoandika siku zote. Nilikula wali wa jana nikiwa nimesimama. Nadhani ni hapo, Dada, ndipo kitu fulani kilizimika. Au kilikuwa kimeshazimika na hapo ndipo nilipogundua.

Sasa tuje kwenye kikao. Mlikuwa sebuleni kwa Kariuki, mmeweka simu juu ya meza, na nilisikia vikombe. Kariuki akasema, "Haya Prof, tuambie."

"Haisikiki," nikasema.

"Haisikiki aje? Si una mashine?"

"Mashine inaweza kuwapa sentensi safi. Lakini itakuwa ya mashine, si ya Baba."

Mwangi akauliza, "Kwani ukiiacha iseme, inasema wapi?"

"Inasema kote kuwili."

Halafu nikasikia sauti yako. "Mimi nilikuwa pale. Nilimsikia na haya masikio yangu."

"Najua ulikuwa pale."

"Kwa hivyo mimi ni mwongo?"

"Sijasema hivyo, Dada."

"Umesema haisikiki!"

"Kwenye rekodi haisikiki. Kelele za wadi zimefunika."

Kariuki akasema basi imeisha, kama hakuna ushahidi tutafuata alichomwambia yeye, mtoto wa kwanza wa kiume. Ukamwambia kifungua mimba wa nyumba hii ni wewe. Nikasikia kiti kikisukumwa. Halafu Mwangi akachukua simu, akasema kwa upole, "Siz, wacha tukupigie baadaye," na hakuna aliyenipigia mpaka siku ya mazishi. Baba alizikwa Longonot.

Huenda umejiuliza kwa nini sikuwapa tu ile ya Olenguruone. Nilikuwa nayo, imehifadhiwa, safi, yenye sauti ambayo hata Kariuki asingeipinga. Ningeibonyeza tu, na Baba angekuwa kando ya Mama sasa hivi na wewe ungeshika simu zangu. Nililifikiria hilo. Sitakudanganya kwamba sikulifikiria. Lakini ningekuwa nimemtia Baba maneno mdomoni akiwa amelala mochari, na mngemzika kwa maneno yangu. Na ungeniuliza kama nakuamini wewe, ningesema ndiyo bila kusita, kwa sababu wewe ulikuwa unamwona midomo na ulikuwa umemshika mkono. Kariuki hakuniuliza hivyo. Aliniuliza mashine inasema nini.

Sikuja kwenye mazishi kwa sababu ya karatasi za kukaa huku, ambazo zilikuwa kwenye ofisi ya uhamiaji zikifanywa upya, na nikitoka kabla hazijarudi nisingeruhusiwa kuingia tena. Hilo mlilijua. Nilivaa nguo nyeusi nikakaa mezani mbele ya simu. Baada ya wewe kukata nilibaki nimekaa hivyohivyo, kisha nikaenda dukani kununua maziwa.

Yaliyofuata hukuyasikia, kwa sababu sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani.

Ile siku ya kampuni ilikuwa inakaribia na mimi nikawa siwezi kuandaa hotuba. Kila nikianza nilimsikia Baba akisema anataka kulala. Basi nikafanya jaribio. Nikawaomba wanafunzi wangu, ambao wametoka pande zote za dunia, wanirekodie majina ya vijiji vyao wakiwa kwenye kelele ya mkahawa wa chuo. Nikaipa mashine. Ikarudisha majina mazuri, yamenyooka, na mengi hayakuwa ya kijiji cha mtu yeyote. Msichana mmoja kutoka Nepali alijisikia akitaja mahali ambapo hapako duniani, kwa sauti yake mwenyewe. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Wageni walipokuja niliwachezea hayo. Sikumtaja Baba. Walikuwa wameketi na kahawa zao na mkuu wetu wa idara, mzee mmoja mpole ambaye ndiye aliyeniajiri, alikuwa anatabasamu mwanzoni. Kulikuwa na mama mmoja kutoka kampuni, mwanasheria. Akaniuliza, "Inakosea mara nyingi?"

Nikamwambia, "Sijui. Hiyo ndiyo shida yake. Ikikosea haisikiki kama imekosea."

"Lakini wewe ndiye uliyeitengeneza."

"Ndiyo. Na ninawaomba msiipeleke mahakamani."

Mkuu wa idara alinisubiri mpaka wameondoka. Hakupandisha sauti. "Ungetuambia sisi kwanza," akasema.

"Niliwaandikia wiki iliyopita. Mlisema tuzungumze baadaye."

"Baadaye, ndiyo. Si mbele yao." Kisha akaniuliza kama niko sawa, kama nimepumzika tangu msiba. Nikamwambia niko sawa. Nadhani alikuwa anataka nilie ili ajue la kufanya.

Kampuni haikurudi. Niliandika makala fupi kueleza niliyoyaona, na imechapishwa. Wenzangu wengine wameniandikia kunipongeza, wengine wameacha kunisalimia kwenye ngazi. Hawakunifukuza, usiogope, huku profesa hafukuzwi ovyo. Lakini maabara ilipewa mwenzangu mwingine, kijana mwenye bidii, na mimi nimerudishwa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza mambo ya nyaya na betri. Siku fundi alipokuja kuliondoa jina langu mlangoni nilimshikia ngazi. Aliniuliza kama mwenye ofisi amehama. Nikamwambia ndiyo.

Ni kazi ya miaka yangu yote ya utu uzima, Nyambura. Ningetegemea niumie. Nilirudi nyumbani nikapika ugali na sukuma, nikafua, nikaanika. Ni kama kuguswa ukiwa umekalia mguu mpaka ukafa ganzi: unaona mkono ukikugusa, unajua ni mguu wako, basi.

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka kukuambia wewe peke yako.

Katika kazi yetu, sauti yoyote ambayo siyo ile unayoitafuta huitwa kelele. Haijalishi ni nini. Inaweza kuwa mvua, inaweza kuwa kwaya. Nilipoanza kumtafuta Baba, kitu cha kwanza nilichoondoa, kwa sababu kilikuwa karibu na simu na kilikuwa na nguvu kuliko vyote, ni wewe. Nilikutoa kabla sijaitoa mvua. Kwa siku zote zile nilizofanya kazi sikukusikia hata mara moja, maana nilikuwa nimekuweka kando.

Nilipokuwa nasafisha kompyuta ya maabara ili nimkabidhi mwenzangu, niliikuta ile rekodi ya asili, vile ulivyonitumia. Nikaisikiliza yote mpaka mwisho, bila kuigusa, kwa mara ya kwanza. Na nikakusikia. Unamwambia mhudumu aache chai ipoe kwanza. Unamwambia yule anayekohoa, "Pole, mzee, unataka maji?" Unamvuta Baba blanketi, nasikia kitambaa kikikwaruza simu. Baba anasema, "Wambui, mtoto wangu, umekula?" na wewe unacheka kidogo. Halafu anaanza kusema yale mengine na pumzi inamkatika, na wewe unasogea karibu, unamwambia, "Usijichoshe, Baba. Pumzika. Tutaongea kesho."

Sauti yako iko juu ya lile neno lake, Dada. Mwanzo wa neno umefunikwa na "usijichoshe" na mwisho umefunikwa na "pumzika". Kwamba ni sauti yako nililijua tangu kwenye kikao, kwa sababu nilikuwa naliona kwenye kioo: palipofunikwa hapakufunikwa na mvua. Ndiyo maana nikasema kelele za wadi. Sikutaka Kariuki alisikie, akuambie hata siku moja ukikosana naye kwamba ni wewe uliyemnyamazisha mzee. Wewe ukasikia kwamba nakuita mwongo. Nikaona afadhali hivyo.

Nimejiuliza sana kama nikuambie. Huenda ningenyamaza ungekasirika tu, na hasira huisha. Lakini rekodi iko pia kwenye simu yako, na najua unaisikiliza, na siku moja ungetulia vya kutosha ukasikia mwenyewe, ukiwa peke yako pale Salgaa na hakuna wa kukuambia neno. Sasa nakuambia mimi. Yule mtu alikuwa amechoka na binti yake akamwambia apumzike. Mimi ningemwambia hivyohivyo. Mama angemwambia hivyohivyo. Usije ukaigeuza kuwa kitu kingine.

Ilipofika mwisho, pale unaposema tutaongea kesho, nilizima. Kompyuta sikumkabidhi mwenzangu siku hiyo. Kulia bado. Uliniuliza, nami nakujibu: hapana, Dada, sijalia, na sijui ni lini. Si kwamba sikumpenda.

Karatasi zangu zimerudi. Muhula ukiisha nitakuja. Sitaenda kwa Kariuki kwanza, nitapitia kwako Salgaa, na kama bado umekasirika, kasirika nikiwa hapo mbele yako, ninakusaidia kuosha sufuria. Halafu nataka unikalishe chini uniambie kwa mdomo wako Baba alisema nini, alivyokutazama, mkono wake ulikuwa wapi. Nitasikiliza tu. Sitauliza kama una hakika.

Nisalimie Kariuki na mkewe Mama Ciku, na usimwambie kaka yetu zaidi ya kwamba nimewasalimia. Msalimie Mwangi, mwambie viazi vikiwa tayari aniwekee. Msalimie Tata Wairimu, dada yake Baba, ambaye nasikia tangu mazishi hataki kutoka nje; mpelekee supu, mwambie ni mimi nimetuma. Ukipanda Olenguruone mfikishie Mzee Koech shukrani zangu kwa yale makwekwe anayomng'olea Mama. Na wasichana wako wa hotelini, wale wanaonicheka Kiswahili changu kwenye simu, wasalimie wote.

Dawa ni asubuhi, ukishakula.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Wambui